Kilomita Hazikwambii Utafika Lini

Shangazi yangu alipanda ndege kwa mara ya kwanza akiwa na miaka 68, kwenda kuwaona wajukuu. Kwenye tiketi yake alijali namba mbili tu: kuondoka 22:00, kufika 05:00. Akazigeuza kama tunavyozigeuza sote, saa nne usiku na saa kumi na moja alfajiri, akahesabu kwa vidole, akapata masaa saba. Shangazi anatumia vidonge vya sukari, kimoja asubuhi na kimoja jioni, na cha asubuhi hukimeza saa moja kamili. Kwa hesabu yake angetua masaa mawili kabla ya wakati wa dawa. Basi kichupa akakitia kwenye sanduku kubwa, lile linaloingia tumboni mwa ndege, na kwenye mkoba wa mkononi akabaki na miwani, leso na picha za watoto.

Ila 22:00 ni saa ya huku na 05:00 ni saa ya kule, na kule wako nyuma yetu kwa masaa saba. Safari ilikuwa ya masaa 14. Saa moja asubuhi ya nyumbani ilimkuta juu ya bahari, bado masaa matano kutua, na vidonge viko chini ya miguu yake, mahali asipoweza kufika. Hakudhurika, namshukuru Mungu. Alifika na kiu kali na kichwa kinamuuma, akaona haya kuniambia mpaka siku ya tatu.

Nami usiku ule, niliporudi kutoka uwanjani, nilifungua mojawapo ya tovuti za kukokotoa umbali wa ndege. Unaandika jina la uwanja wa kwanza, unaandika la pili, inakupa kilomita, na chini ya kilomita inakupa muda. Ilinipa kama kilomita 10,950, na muda wa masaa 12 na dakika 10. Nikalala nikijua kesho nitamtarajia saa ngapi. Wakati ule ulipopita bila simu yake, nilikaa nikiwaza yale yote mtu huyawaza ndege ikichelewa. Yalipita karibu masaa mawili. Ndege haikuchelewa hata dakika moja.

Tangu siku hiyo nina ugomvi na namba ile ya pili. Ya kwanza, ya kilomita, ni kipimo halali: imetoka kwenye umbo la dunia na haitabadilika mwakani. Ya pili ni kisio lililovikwa nguo za kipimo. Zinaandikwa kwa herufi za ukubwa mmoja, moja chini ya nyingine, na msomaji anaziamini sawasawa. Maoni yangu ni kwamba kuziweka pamoja namna hiyo ni kumpotosha mtu, na anayepotoka si mtaalamu wa anga. Ni mama mwenye dawa, mgonjwa anayesubiriwa hospitalini, kijana aliyekata tiketi mbili tofauti na kujipa masaa mawili ya kuunganisha.

Wanaolinda sarufi watanikemea kwa kuandika "masaa". Saa haina wingi wa "ma", wanasema. Nawaheshimu, lakini katika jambo hili nasimama na watu wa mtaani. Anayesema "saa saba" akimaanisha wakati, na "masaa saba" akimaanisha muda, ametenganisha vitu viwili ambavyo tiketi ya ndege inaviweka kapu moja. Tiketi ilimpa Shangazi saa, yeye akasoma masaa. Nitaendelea kuandika hivyo hivyo mpaka mwisho.

Sasa tuzipe kilomita haki yake. Chukua tufe la dunia na uzi, ushike ncha ya uzi kwenye mji mmoja na uuvute mpaka mji wa pili hadi ukaze kabisa. Mstari wa uzi huo ndio njia fupi kuliko zote juu ya uso wa dunia, na urefu wake ndio umbali unaoandikwa. Si lazima uwe na kompyuta. Uwanja wa Changi, Singapore, uko digrii 1.4 kaskazini mwa ikweta. Uwanja wa John F. Kennedy, New York, uko digrii 40.6 kaskazini. Longitudo zao zinapishana kwa karibu digrii 178, maana yake kila mmoja uko upande wake wa dunia, karibu kabisa mkabala na mwenzake. Kwa hiyo uzi unapanda kutoka Singapore mpaka karibu na Ncha ya Kaskazini, kisha unashuka upande wa pili. Kutoka Changi hadi nchani ni digrii 88.6, kutoka nchani hadi New York ni 49.4, jumla 138. Digrii moja juu ya uso wa dunia ni maili 60 za baharini, na maili ya baharini ni kilomita 1.852, yaani digrii moja ni kilomita 111 na ushei. Zidisha, unapata kama 15,330. Umbali unaochapishwa ni karibu 15,350. Tofauti hiyo ndogo inatokana na kukata desimali na dunia yenyewe kubonyea kidogo nchani. Nilipoifanya hesabu hiyo kwa kalamu mara ya kwanza nilifurahi kama mtoto: safari ndefu kuliko zote za abiria zinazoruka kwa ratiba bila kutua njiani imeingia kwenye mistari minne ya karatasi.

Uzi huohuo unakuonyesha kwa nini ramani ya ukutani inadanganya. Ramani nyingi tulizosomea zinafuata mtindo wa Mercator wa mwaka 1569, uliotengenezwa kwa ajili ya mabaharia walioshika dira, na unazitanua nchi za kaskazini na kusini kupita kiasi. Juu yake, njia ya kutoka Dubai kwenda Los Angeles inaonekana kama ingevuka Afrika Kaskazini na Atlantiki. Vuta uzi juu ya tufe, utaona unapanda kuelekea Aktiki. Abiria anayeangalia kiskrini mbele ya kiti chake na kuona ndege "imepinda" kuelekea barafu huhisi anazungushwa. Hazungushwi. Kilichopinda ni ramani.

Na kuna ukomo. Mzingo wa dunia ni kama kilomita 40,000, kwa hiyo hakuna viwanja viwili vinavyoweza kupishana kwa zaidi ya kilomita 20,000 na kidogo. Wellington na Madrid wanakaribia ukomo huo. Ukifika pale hasa, mkabala kamili, uzi hauna njia moja tena: upande wowote utakaoelekea, umbali ni uleule. Hapo kilomita hazina tena la kusema kuhusu njia, na kinachobaki kuamua ni upepo.

Upepo ndio mzizi wa fitina yote hii. Kwenye kimo ambacho ndege kubwa husafiri, kama kilomita 9 hadi 12 juu, kuna mito ya upepo inayotiririka kutoka magharibi kwenda mashariki, hasa katika latitudo za kati, na wakati wa baridi ya kaskazini huvimba ikazidi kilomita 200 kwa saa, pengine 300. Mjapani Wasaburo Ooishi aliipima kwa maputo katika miaka ya 1920, akachapisha matokeo yake kwa Kiesperanto akitumaini dunia nzima itamsoma. Wachache mno walimsoma. Marubani wa ndege za mabomu za Marekani waligundua upya upepo huohuo juu ya Japani mwaka 1944, walipoona ndege zao zinasukumwa kwa kasi ambayo hawakuitarajia.

Wengi wanaamini tofauti ya muda kati ya kwenda na kurudi inatokana na dunia kuzunguka chini ya ndege. Sivyo. Hewa inazunguka pamoja na dunia, na ndege iko ndani ya hewa kama mtumbwi ulivyo ndani ya mto. Mtumbwi ukifuata maji unafika mapema, ukiyapinga unachelewa.

Tuifanye hesabu. London na New York zinatengana kwa kama kilomita 5,540. Ndege inayokata hewa kwa kilomita 900 kwa saa, hewa ikiwa imetulia, ingetumia masaa 6 na dakika 9 hivi kila upande, kwenda na kurudi masaa 12 na dakika 19. Sasa weka upepo wa kilomita 150 kwa saa kutoka magharibi. Kwenda mashariki kasi juu ya ardhi inakuwa 1,050, na safari inachukua masaa 5 na dakika 17. Kurudi magharibi kasi inakuwa 750, na safari inachukua masaa 7 na dakika 23. Jumla ni masaa 12 na dakika 40. Tazama: upepo haukurudisha ulichochukua. Unakaa muda mrefu zaidi katika upande unaokupinga kuliko upande unaokusaidia, kwa hiyo safari ya kwenda na kurudi penye upepo daima ni ndefu kuliko penye utulivu. Ndiyo maana hata mtu anayesema "chukua wastani tu" amekosea, kwa sababu wastani aliouchukua wa kasi si wastani wa muda.

Mnamo Februari 2020, dhoruba iliyopewa jina la Ciara ilipokuwa inaelekea Ulaya, ndege ya British Airways aina ya Boeing 747 iliruka kutoka New York hadi London kwa masaa 4 na dakika 56. Kasi yake juu ya ardhi ilipita 1,300 kwa saa. Ndege ileile, kilomita zilezile, wiki nyingine ingetumia masaa sita na zaidi. Niambie basi tovuti inayoandika namba moja chini ya "London na New York" inazungumzia usiku upi, na inaelekea wapi.

Mfano ninaoupenda kuliko wote ni wa Novemba 2005. Boeing walitaka kuonyesha uwezo wa ndege yao mpya, 777-200LR, wakairusha kutoka Hong Kong kwenda London. Njia ya kawaida ni kama kilomita 9,600, kuelekea magharibi. Wao wakageuza pua mashariki: Pasifiki, Marekani Kaskazini, Atlantiki. Kilomita 21,602, masaa 22 na dakika 42, bila kutua. Viwanja ni vilevile viwili. Umbali kati yake haukuongezeka hata meta moja. Kinachoandikwa kwenye tovuti kama "umbali wa safari" ni umbali wa uzi, na ndege haijafungwa kwa uzi.

Hata safari za kila siku haziufuati. Ile ya Singapore kwenda New York, ambayo uzi unaipitisha karibu na ncha, mara nyingi huelekezwa mashariki juu ya Pasifiki, njia ndefu zaidi kwa kilomita lakini yenye upepo wa kusukuma. Gawanya 15,350 kwa 900 utapata masaa 17 na dakika chache. Ratiba inasema zaidi ya 18, na karibu 19 kwa upande mwingine. Waliopanga safari hiyo wanajua wanachofanya. Kila siku, kabla ndege haijaondoka, kuna watu wanaochukua utabiri wa upepo wa kimo kwa kimo na kuchora njia ya siku hiyo, na njia ya jana haiwahusu.

Upepo angalau hauna nia. Mipaka ina nia, na hapa kilomita zinanyamaza kabisa.

Mwaka 1963, nchi nyingi za Afrika zilizokuwa zimejipatia uhuru ziliamua kwamba ndege za shirika la Afrika Kusini ya ubaguzi hazitapita juu ya ardhi yao. Johannesburg na London ni kama kilomita 9,070 kwa uzi, karibu mstari wa moja kwa moja kutoka kusini hadi kaskazini, na sehemu kubwa ya uzi huo imelala juu ya bara. Ndege za shirika lile zikalazimika kutoka baharini na kulizunguka lile bega kubwa la Afrika Magharibi, zikitua kujaza mafuta katika kisiwa cha Sal, Cape Verde. Hali iliendelea hivyo kwa miaka zaidi ya 25. Sijui kama kuna ramani nyingine inayoonyesha kukataliwa kwa utawala kwa uwazi kiasi hicho: bara zima limeandikwa kwa njia ya ndege inayopita pembeni. Mtoto wa shule akipewa hesabu ya "Johannesburg hadi London, gawanya kwa kasi" katika mwaka 1975 angepata jibu sahihi la hesabu na jibu la uongo la historia.

Kisa hicho si cha zamani tu. Kabla ya Februari 2022, Helsinki ilijivunia kuwa mlango wa karibu wa Ulaya kuelekea Asia ya mashariki. Kutoka pale hadi Tokyo ni kama kilomita 7,800, nyingi juu ya Urusi, na safari ilikuwa ya masaa tisa na nusu hivi. Urusi ilipoivamia Ukraine, anga zikafungiwa pande zote mbili. Finnair, shirika la Finland, likaanza kuzunguka: mara kwa kusini, mara kwa kaskazini juu ya ncha. Safari ikawa ya masaa kama 13. Abiria wa njia ya kaskazini walikuwa wakipewa cheti cha kupita juu ya Ncha ya Kaskazini, na nadhani ni jambo la upole, lakini masaa matatu na nusu zaidi ni mafuta, ni zamu za marubani, ni bei ya tiketi, na shirika lililojengwa juu ya faida ya jiografia liliipoteza faida hiyo katika wiki moja. Fungua tovuti ya umbali leo. Kilomita ni zilezile 7,800, na tovuti nyingi bado zinagawanya kwa 900 na kukuambia masaa nane na kitu.

Wazee wa usafiri wa anga hawakushangaa. Katika miaka ya Vita Baridi, anga ya Kisovieti ikiwa haipitiki kirahisi, ndege za Ulaya kwenda Japani zilipitia Anchorage, Alaska. SAS, shirika la ndege la Skandinavia, walifungua njia ya Copenhagen hadi Tokyo kupitia huko mwaka 1957. Kizazi kizima cha wasafiri wa Tokyo kiliujua uwanja wa Anchorage kwa kuukanyaga katikati ya usiku, kikinyoosha miguu ndege ikijazwa mafuta.

Kuna sheria nyingine isiyo ya siasa, nitaitaja kwa kifupi. Ndege ya injini mbili hairuhusiwi kwenda popote inapotaka. Lazima muda wote iwe ndani ya dakika kadhaa za uwanja ambao ingeweza kuufikia kwa injini moja. Zamani zilikuwa dakika 60, mwaka 1985 zikaanza kuruhusiwa 120, na Airbus A350 ilipata kibali cha hadi dakika 370 mwaka 2014. Kaskazini mwa dunia sheria hiyo haisumbui sana siku hizi, kwa kuwa viwanja vipo vingi. Kusini, kati ya Australia na Amerika Kusini, uzi unashuka kuelekea Antaktika, na huko chini ni maji na barafu, na upepo wa magharibi unavuma bila nchi kavu ya kuuzuia. Viwanja viwili vya kusini na viwili vya kaskazini vikiwa na kilomita sawa havina safari sawa.

Halafu kuna uwanja wenyewe. Bole, Addis Ababa, uko zaidi ya meta 2,300 juu ya usawa wa bahari. Hewa ya huko ni nyepesi, mabawa yanapata nguvu kidogo ya kuinua, injini nazo zinavuta hewa hafifu. Ndege haiwezi kupaa ikiwa imejaa abiria, mizigo na mafuta ya kufika Washington. Kwa hiyo kwa miaka mingi safari ya Ethiopian kutoka Addis kwenda Washington imetua njiani kujaza mafuta, wakati fulani Dublin, baadaye Lomé, Togo, huku ya kurudi, inayopaa kutoka uwanja ulio karibu na usawa wa bahari na kusukumwa na upepo, ikienda moja kwa moja. Kwenda unatua, kurudi hutui. Abiria aliyesoma "kilomita 11,500, masaa 13" atashangaa Lomé imetoka wapi, na hakuna atakayemweleza kwamba jibu liko kwenye mwinuko wa mji alioondokea.

Juu ya hayo yote kuna mafuta, ambayo kila anayetamani safari ndefu bila kutua anapaswa kuyafikiria. Ndege inayokwenda masaa 18 hubeba mafuta ya saa ya kumi na nane tangu saa ya kwanza, na kuyabeba kunachoma mafuta mengine. A350-900ULR inayoruka Singapore na New York ina tangi za lita 165,000, na imewekewa viti 161 tu, hakuna hata kimoja cha daraja la chini. Ndege ya familia hiyohiyo katika mpangilio wa kawaida hubeba watu 300 na zaidi. Hiyo ndiyo gharama ya kutotua. Qantas, shirika la Australia, wanataka kwenda mbali zaidi, Sydney hadi London, kilomita 17,000. Mwaka 2019 walijaribu kwa ndege iliyobeba watu wachache kutoka London, ikafika Sydney baada ya masaa 19 na dakika 19. Sisemi wasifanye. Nasema mtu anayelinganisha "moja kwa moja" na "kupitia mahali" kwa kutazama masaa peke yake hajaona ubao wote. Kutua katikati ya njia ndefu kunaongeza masaa mawili au matatu kwenye siku yako, lakini ndege haijibebeshi mzigo wa mafuta ya bara la pili, na tiketi huonyesha hivyo.

Ya ardhini sitakaa nayo, kila msafiri anayajua. Saa iliyoandikwa kwenye tiketi ni ya ndege kuachana na geti, na ya kufika ni ya kusimama getini. Katikati kuna foleni ya kuelekea njia ya kurukia, kuna kuzungushwa juu ya mji mkubwa ukisubiri zamu ya kutua, na mashirika huongeza dakika za akiba kwenye ratiba ili yasihesabiwe kuwa yamechelewa. Mgawanyo wa kilomita kwa kasi hauna hata moja ya dakika hizo. Baadhi ya tovuti huongeza nusu saa ya kupaa na kutua, na ni afadhali kuliko bure.

Najua nitakachojibiwa. Ni makadirio tu, imeandikwa hivyo chini kabisa, na anayetaka uhakika aulize shirika la ndege. Jibu langu ni kwamba makadirio yenye dakika hayafanani na makadirio. Mtu anayekadiria kwa moyo safi husema "masaa 12 hadi 14". Anayeandika "masaa 12 na dakika 10" amenipa dakika kumi zilizotoka kwenye kigawanyo, si kwenye anga, na dakika hizo kumi ndizo zilizonifanya niamini zile kumi na mbili. Tena si kazi ngumu kurekebisha. Ratiba za mashirika zipo wazi, zinaonyesha muda wa kila upande. Panapokuwa na safari ya moja kwa moja, onyesheni muda wa kwenda na muda wa kurudi, kila mmoja peke yake. Pasipokuwa na safari ya moja kwa moja, semeni kwamba haipo. Nimeona kurasa zinazotoa muda wa kuruka kati ya viwanja viwili ambavyo hakuna ndege duniani iliyowahi kuviunganisha kwa ratiba, na msomaji anaondoka akiitafuta tiketi isiyokuwepo. Na hapo kando ya muda wekeni tofauti ya saa kati ya miji hiyo miwili kwa herufi kubwa, maana hiyo ndiyo iliyompoteza Shangazi kabla mimi sijapotezwa na mgawanyo.

Alikaa kule wiki sita. Siku mbili kabla ya kurudi alinipigia, tiketi mkononi. Inaondoka 14:00, inafika 09:00 kesho yake. "Saa nane mchana mpaka saa tatu asubuhi," akasema, "ni masaa 19. Mbona nakuja tena kwa safari ndefu kuliko ya kwanza?" Nikamwambia atoe saba. Nilimsikia akihesabu chinichini, vidole vikigonga meza.

"Kumi na mbili," akasema. Kisha akanyamaza kidogo. "Kwenda kumi na nne, kurudi kumi na mbili. Njia si ni ileile?"

Nikamweleza habari ya mto wa upepo. Akasikiliza mpaka mwisho, halafu akarudi kwenye lililomhusu. Aliivaa saa yake ya mkono ya siku zote, akairudisha kwenye saa ya nyumbani palepale tukiwa kwenye simu, akasema saa moja ya asubuhi itamkuta bado masaa mawili kutua. Vidonge, safari hii, alikuwa ameshavitia kwenye mkoba, pamoja na biskuti mbili za kumezea.